Pimeni Punje Kabla Haijawa Unga

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wafanyabiashara wa nafaka, maafisa afya na walimu wa sayansi)

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu, na vijana mliokuja.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima vyakula vya mahindi ili ijulikane kama ndani yake mna GMO, yaani mahindi ambayo vinasaba vyake, yale maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe hai, vimebadilishwa maabara. Nitaanza na lile hasa lililonileta, ili hata mwenye kuwahi kuondoka aende nalo. Mahali pa kupima ni bandarini na ghalani, punje ikiwa bado ni punje. Tukisubiri mpaka imekuwa kastadi kwenye rafu ya duka, tumechelewa, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayotuokoa.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu hatulimi mahindi ya kututosha. Sembe yetu inavuka bahari kutoka Bara. Konflaki, wanga wa mahindi na ile kastadi inayopikwa kila nyumba Ramadhani vinatoka mbali zaidi. Tanzania haijamruhusu mkulima kulima mahindi ya GMO kwa biashara. Majaribio ya mahindi ya kustahimili ukame yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2021 Serikali ikayafuta. Lakini Afrika Kusini wanayalima tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo sehemu kubwa sana ya mahindi yao ni hayo. Kenya iliondoa marufuku yake Oktoba 2022, na tangu hapo watu wamekuwa wakivutana mahakamani. Sisi tuko kisiwani, tunakula kinachoshushwa melini. Mama anayeuliza ndani ya pakiti mna nini ana haki ya kujibiwa.

Kipimo ninachokieleza leo hakisemi kama chakula kinadhuru au hakidhuru. Kinasema kitu kimo au hakionekani, basi. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko katika soko la kimataifa vimepita tathmini ya usalama na haielekei kuwa vitadhuru afya ya mlaji. Mtu anaweza kuyakubali hayo na bado akataka kujua anachonunua. Mimi niko pamoja naye. Muuzaji aliyeandika pakitini kwamba haina GMO, na huku imo, amemdanganya mnunuzi, hata kama hakuna aliyeumwa tumbo.

Sasa nikupeni kisa cha Marekani, maana ndicho kilichowafumbua watu macho. Mwaka 1998 mahindi yaitwayo StarLink, ya kampuni ya Aventis, yaliruhusiwa kule kwa chakula cha mifugo na kazi za viwandani, si kwa chakula cha binadamu. Yalikuwa na protini ya kuua wadudu iitwayo Cry9C, ambayo haiyeyuki upesi tumboni, na wataalamu wakahofia huenda ikaleta mzio kwa binadamu. Kwa hiyo sharti likawa mahindi hayo yatengwe. Yalilimwa katika eneo dogo, chini ya asilimia 1 ya mashamba yote ya mahindi ya nchi hiyo. Septemba 2000 makundi ya wananchi yalinunua maganda ya tako dukani, vile vichapati vikavu vya mahindi, wakavipeleka maabara ya Genetic ID kule Iowa, na vinasaba vya StarLink vikaonekana. Bidhaa karibu 300 ziliondolewa madukani. Baada ya muda mfupi StarLink ikakutwa hadi Japani. Watu kadhaa walilalamika kwamba wamepata mzio. Waliopimwa damu na taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa hawakukutwa na dalili kwamba Cry9C ndiyo iliyowadhuru.

Angalieni hapo. Sheria ilikuwepo, sharti la kutenga lilikuwepo, na bado mahindi yakachanganyika njiani: kwenye mashine za kuvunia, malori na maghala. Na aliyegundua hakuwa mkaguzi wa serikali. Walikuwa wanunuzi walioamua kupima. Vipimo vikatoa jibu kwa sababu mahindi ya maganda hayo husagwa punje nzima, hivyo licha ya kuokwa na kukaangwa, vinasaba vya kutosha vilikuwa bado vimo.

Twende maabara. Sampuli husagwa laini. Robo ya gramu hivi inatiwa ndani ya kichupa pamoja na maji ya chumvi na sabuni maalumu, inawekwa kwenye joto la nyuzi 65, chembe hai zinapasuka. Protini na mafuta yanaondolewa kwa klorofomu. Kisha inamiminwa pombe, na vinasaba vinajitenga. Vikiwa vingi unaviona kwa macho, uzi mweupe unaoelea. Kwa unga wa dona utauona. Kwa kastadi usihangaike kuutafuta.

Baada ya hapo inakuja njia iitwayo PCR, aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kupewa Tuzo ya Nobel kwayo mwaka 1993. Kichupa kinapashwa moto hadi nyuzi 95, kinapozwa hadi kama 60, kinapashwa tena, na kila mzunguko kipande cha vinasaba unachokitafuta kinajizidisha mara mbili. Baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kinaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Ndiyo nguvu ya njia hii, na ndiyo hatari yake pia. Vumbi la unga lililokaa kwenye mkono wa koti linatosha kutoa jibu la uongo. Ndiyo maana maabara inayojiheshimu husagia chumba kimoja, ikachanganya dawa chumba cha pili, mashine ikawa cha tatu, na kila mara kinatiwa kichupa kimoja chenye maji matupu. Kile cha maji kikisema "kimo", kazi yote ya siku ile inamwagwa. Mkipeleka sampuli mahali, ulizeni kuhusu kichupa cha maji kabla ya kuuliza bei.

Tunatafuta kipande gani? Wanaobadilisha mahindi hutumia vipande vinavyojirudia. Kimojawapo ni 35S, kilichotolewa kwenye kirusi kinachoshambulia koliflawa na jamaa zake kama kabichi. Kazi yake ni kuifanya jeni mpya, yaani lile agizo moja lililopandikizwa kwenye vinasaba, ifanye kazi. Kingine ni NOS, kutoka bakteria wa udongoni, cha kuashiria mwisho wa jeni. Maabara huanza na hivyo viwili, na lazima viwe viwili. Mahindi ya MON810, yenye sumu ya kuua viwavi, yana 35S lakini hayana NOS. Mahindi ya GA21, yasiyokufa kwa dawa ya magugu, yana NOS lakini hayana 35S. Anayepima kimoja tu ili apunguze gharama, amewaachia nusu ya wageni wapite mlangoni bila kuulizwa.

Na ikionekana 35S, msikimbilie kutangaza. Chukueni unga wa lishe tunaowapikia watoto uji: mna mahindi, soya, karanga, pengine mchele. Soya ya GMO nayo inaweza kuwa na 35S. Umekuta 35S ndani ya unga wa lishe. Ni ya mahindi au ya soya? Kipimo cha kwanza hakijui. Inabidi kije cha pili, kinachotafuta pale hasa jeni ya kigeni ilipoungana na vinasaba vya mmea wenyewe, maana muungano huo ni wa aina moja tu ya mbegu, haupatikani kwingine. Mfanyabiashara asifungiwe duka kwa kipimo cha kwanza. Hilo nawaomba maafisa mlishike kwa mikono miwili.

Swali la halali huulizwa kila ninapokaa na watu, nami nalipenda, kwa sababu mtu anauliza kuhusu dini yake na riziki yake. Fatwa ina wenyewe, na mimi si mmoja wao. Ninachoweza kuwapa ni habari ya asili: jeni ya MON810 imetoka kwa bakteria anayeitwa Bacillus thuringiensis, na ile ya NK603, mahindi mengine yanayohimili dawa ya magugu, imetoka kwa bakteria wa udongoni. Hakuna jeni ya nguruwe humo. Wenye elimu wakiipata habari iliyo sahihi watatoa jawabu lao.

Sasa turudi kwenye kastadi, hapa ndipo penye uzito. Vinasaba vingi vya punje viko kwenye kiini. Dona inasagwa na kiini chake. Sembe inakobolewa kwanza, kiini na pumba vinaondoka, kwa hiyo sembe ina vinasaba vichache kuliko dona, lakini bado inapimika vizuri. Wanga ni mambo mengine. Kiwandani mahindi hulowekwa siku nzima na zaidi katika maji moto yenye dawa ya salfa, kisha kiini, ganda, protini na wanga vinatenganishwa na kuoshwa tena na tena. Kinachobaki ni weupe mtupu. Sukari ya maji ya mahindi, ile inayotiwa kwenye peremende na soda, imevunjwavunjwa zaidi. Mafuta ya mahindi yaliyosafishwa ndiyo kabisa. Konflaki ziko katikati: vinasaba vimo, ila moto umevikatakata, na maabara lazima itafute vipande vifupi sana, la sivyo itasema hamna kitu.

Kwa hiyo kopo la kastadi likija na karatasi iliyoandikwa "haikugunduliwa", maana yake inaweza kuwa mahindi yalikuwa ya kawaida, au kwamba hapakubaki kitu cha kupima. Namna ya kutofautisha ipo. Kila kipimo cha mahindi hufuatana na kipimo cha jeni ya asili ya mahindi, ambayo kila muhindi duniani unayo. Jeni hiyo ikionekana vizuri na 35S na NOS zisionekane, jibu lina thamani. Ikiwa hata jeni ya asili haikuonekana, basi maabara haikupima kitu, na karatasi hiyo haifai kubandikwa popote. Bidhaa ya namna hiyo dawa yake ni nyaraka: nani aliuza mahindi, yalitoka wapi, yalipimwa wapi yakiwa punje. Umoja wa Ulaya wanadai lebo GMO inapozidi asilimia 0.9, na wanaidai hata kwa mafuta yasiyo na kinasaba chochote, kwa kufuata karatasi za safari yake tangu shambani. Afrika Kusini kiwango chao ni asilimia 5.

Ndiyo nikasema bandarini. Na bandarini kazi kubwa ni ya bambo, lile bomba la chuma lenye ncha, linalodungwa kwenye gunia likatoka na nafaka. Mzigo mzima unahukumiwa kwa kilichomo ndani ya bomba hilo. Ukidunga magunia matatu ya karibu na mlango ukaondoka, umepima magunia matatu. GMO ikichanganyika haikai sawasawa. Inaweza kuwa imejaa upande mmoja wa shehena kwa sababu upande ule ulitoka ghala jingine. Dungeni juu, katikati na chini, magunia ya mbele na ya nyuma, kisha mchanganye vyote pamoja.

Kiasi gani? Hesabu yake ni nyepesi, walimu mtaihakikisha ubaoni. Ukitaka kuwa na uhakika wa asilimia 95 wa kunasa angalau punje moja ya GMO kwenye mzigo ambao moja katika kila mia ndiyo ya GMO, unahitaji punje kama 300. Ukitaka kunasa moja katika kila elfu, unahitaji punje kama 3,000, ambazo ni karibu kilo moja ya mahindi. Zote zisagwe pamoja. Ukiletewa kiganja cha punje ndani ya mfuko wa nailoni, maabara nzuri kuliko zote haiwezi kukupa jibu la mzigo.

Na kilo hiyohiyo ipimwe sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka. Hapa nasema kwa uchungu. Mwaka 2004 Kenya ilizika watu 125 kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikaua watu 20 hapa Tanzania, Dodoma na Manyara. Kisiwa chetu kina unyevu mwaka mzima, na magunia yetu mengi yanalala juu ya sakafu ya saruji bila chaga. Siwezi kuwahamasisha mtumie fedha kutafuta 35S na huku ukungu haujatazamwa. Bambo ni moja, gunia ni moja, kazi ya kuchukua sampuli ni ileile.

Kwa bandari zetu ndogo, Wete na Mkoani, kuna vijiti vya kupimia protini: unasaga punje, unatia maji, unachovya, unasubiri dakika chache. Ni rahisi na havihitaji mashine. Kila kijiti kinaona protini yake tu, na protini huharibika kwa moto, kwa hiyo visitumike kwa kilichopikwa. Kijiti kikitoa alama, mzigo uzuiwe na sampuli iende kwenye PCR.

La mwisho ni la mgawanyo, maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Sampuli iliyochanganywa igawanywe mafungu matatu mbele ya mwenye mzigo: moja la maabara, moja lake mwenyewe, na la tatu libaki kwa afisa, pakavu, limefungwa lakiri, saini za wote wawili zikiwa juu yake na tarehe. Mwenye mzigo asiporidhika na jibu, lakiri ivunjwe akiwepo, na fungu hilo liende maabara nyingine ambayo haikuhusika mwanzo.