Snea ya Zamani: Jinsi ya Kujua Umri na Thamani Yake

Habari zenu, karibuni tena mezani. Dramu mnayoiona mbele yangu ni snea, yaani dramu yenye nyaya zinazogusa ngozi ya chini, ya kampuni ya Ludwig, aina ya Supraphonic, iliyotengenezwa Chicago, Marekani. Leo tunaisoma hii moja pole pole, sehemu kwa sehemu, mpaka itueleze ilizaliwa lini na inafaa kuuzwa kwa kiasi gani. Ukishaielewa hii, nyingine utazisoma kwa njia hiyo hiyo.

Kwanza kabisa, Brasso, ile dawa ya kung'arisha chuma, na kitambaa weka pembeni. Najua mkono unawasha ukiona vumbi la miaka arobaini, lakini alama tunazozitafuta zimo humo humo kwenye uchafu. Piga picha kila upande kabla hujafungua skrubu hata moja. Utahitaji ufunguo wa dramu, futi kamba, tochi na sumaku ndogo. Basi.

Tuanze na kipimo. Nyoosha futi kamba juu ya bodi lenyewe, yaani mwili wa dramu, si juu ya pete zinazobana ngozi. Upana ni inchi 14. Kina chake ni inchi 5, kwa hiyo hii ni ile ambayo katalogi ya Ludwig inaiita LM400. Kama yako ina kina cha inchi 6 na nusu, hiyo ni LM402, aliyoipenda John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya Led Zeppelin, na kwa toleo la miaka ya 1960 ni adimu zaidi, hivyo bei yake iko juu. Sasa hesabu vishikio vya skrubu kuzunguka bodi: hapa viko kumi. Ukikuta vinane, na bodi ni la kijivu lisilong'aa, unayo Acrolite, snea nyingine ya Ludwig. Nayo ni alumini, na mlio wake ni mtamu kweli, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi na bei yake huwa chini.

Sasa beji. Nasogeza kamera muione vizuri. Hii ina umbo la jiwe la katikati ya tao, pana juu na nyembamba chini, na rangi yake ni ya shaba ya njano. Wapenzi wa dramu wanaiita Keystone, na ni beji ya miaka ya 1960. Ikiwa yako ina rangi ya buluu na kijani cha zeituni, umeingia miaka ya 1970. Beji hiyo ikiwa na pembe zilizochongoka, ni ya muongo huo. Ikiwa pembe zimeviringwa, sogea hadi mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Mwaka 1984 kazi ilihamia Monroe, North Carolina, na beji nyeusi na nyeupe zikashika nafasi.

Chini ya jina kuna namba, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ludwig walianza kuweka namba mwishoni mwa 1963. Keystone isiyo na namba, basi, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kabla ya hapo. Lakini tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, alikaa nyuma ya dramu za Ludwig mbele ya Wamarekani mamilioni katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na kila kijana akataka za kwake. Kiwanda kilikesha. Beji zilikuwa zikichotwa kwenye masanduku bila kufuata mpangilio, kwa hiyo dramu mbili zilizotoka wiki moja zinaweza kuwa na namba zinazopishana mbali sana. Namba ikupe kipindi tu. Ukisikia muuzaji anakutajia mpaka mwezi kwa kusoma namba peke yake, mwombe akuonyeshe ushahidi mwingine.

Angalia pia pete ndogo ya tundu la hewa inayoishikilia beji. Ikiwa imekwaruzwa au imebanwa upya, beji huenda ilitoka kwenye dramu nyingine.

Hatua inayofuata ndiyo yenye pesa: bodi limetengenezwa kwa madini gani? Supraphonic za mwanzoni kabisa, kabla ya alumini kushika nafasi mnamo 1963, zilikuwa za shaba ya njano iliyopakwa kromu. Sumaku haitakusaidia hapa, kwa sababu haishiki shaba wala alumini. Inyanyue. Shaba ni nzito, utaisikia mkononi. Mulika tochi ukingoni, pale kromu ilipochubuka: rangi ya njano ni shaba, nyeupe ni alumini. Halafu tazameni vidutu hivi kama upele kwenye kromu. Hii ni tabia ya alumini, kromu haikushikana nayo vizuri. Kwa mlio havina madhara yoyote, ila bei vinaishusha.

Sumaku itumie kwenye pete za juu na chini. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, yaelekea ni pete za shaba za zamani, na hapo uwe mwangalifu sana usizipoteze.

Geuza upande wa kifaa chenye mkono wa kukaza na kuachia nyaya za chini. Miaka ya 1960 walitumia mtindo wa P-83. P-85 umefuata baadaye na ndio ulioenea miaka ya 1970. Beji ya Keystone ikiwa pamoja na P-85, ama ni ya mwisho wa kipindi, ama mtu amebadilisha kifaa. Fungua ngozi, mulika ndani, tafuta matundu yasiyo na kazi. Hapa kwangu kuna moja. Fundi fulani alilitoboa ili kufunga kifaa kipya, na tundu hilo haliwezi kurudishwa. Ngozi na nyaya zenyewe zisikusumbue. Hivyo ni vitu vya kubadilishwa. Kama snea yako ni ya mbao ya miaka ya 1960, angalia ndani: mara nyingi utakuta tarehe imepigwa mhuri wa wino mwekundu, na huo ni ushahidi mzuri kuliko namba.

Kwenye bei, tafuta mtandaoni dramu zilizokwisha kuuzwa, si zile zinazosubiri mnunuzi, kwani kuomba hakuna kikomo. Linganisha beji, kina, madini na matundu. Alumini ya miaka ya 1960 iliyo kamili huenda kwa dola mia kadhaa. Ya shaba hupita hapo. Hii yangu ina Keystone yenye namba, alumini, P-83, vidutu kidogo na tundu moja: katikati ya miaka ya 1960, na ningeomba chini ya bei ya iliyo safi, nikimwonyesha mnunuzi lile tundu kabla hajauliza.

Sasa narudisha ngozi. Kaza skrubu kwa kuvuka, moja huku na ya pili upande wa pili, nusu mzunguko kila mara. Sikilizeni.