Waranti ya Ziada ya Friji: Ulipe au Uache?

ATIENO: Karibuni tena, wasikilizaji wa Kisumu, Kakamega, Busia na kokote mlipo. Leo tunaiangalia ile karatasi muuzaji anakusogezea ukiwa umeshatoa pesa ya friji: "Ongeza elfu sita tu, upate waranti ya miaka mitatu." Fundi Barasa, mtu aikubali?

BARASA: Kwanza aulize hiyo mitatu inaanza kuhesabiwa lini. Kama kiwanda kimeshakupa mwaka 1 bure, mara nyingi mitatu ya muuzaji huwa imeumeza huo mwaka. Unalipia miwili. Na hiyo miwili ni ya katikati: kasoro ya kiwandani hujitokeza mapema, ndani ya mwaka wa bure, na uchakavu huja baadaye, karatasi ikiwa imeisha.

ATIENO: Basi tupige hesabu. Tuseme waranti ni shilingi 6,000, na ubovu unaouogopa ukitokea fundi atataka 15,000. Gawa 6 kwa 15, unapata 0.4. Yaani pesa yako inarudi tu kama katika friji 10 za aina yako, 4 zitaharibika ndani ya miaka hiyo miwili, tena kwa ubovu unaolipiwa.

BARASA: Hapo kwa "unaolipiwa" ndipo penye kazi, dada. Huku kwetu friji nyingi hazingoji uzee, zinamalizwa na stima. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ikiwa inafanya kazi, upande mmoja wa mabomba una presha kubwa na mwingine ndogo. Stima ikipotea, hizo presha zinahitaji dakika kadhaa zilingane. Sasa stima irudi baada ya sekunde kumi: mota inajaribu kuanza ikiwa imebanwa, haizunguki, inavuta mkondo mkubwa na kupata moto. Ukisimama nyuma ya friji utasikia "tak", kimya, halafu baada ya muda "tak" tena. Hiyo ni kinga ya joto inakata na kurudisha. Ukisikia hivyo chomoa mara moja. Ikiachwa hivyo usiku kucha, waya za mota zinaungua.

ATIENO: Na stima isipopotea ila iwe hafifu?

BARASA: Mateso ni yale yale. Badala ya volti 240 unapata 170 jioni wakati mtaa mzima umewasha. Taa inafifia tu, lakini kompresa inashindwa kuanza.

ATIENO: Karatasi nayo, ukiigeuza nyuma kwenye zile herufi za sisimizi, utakuta kitu kama: haitalipia uharibifu wa mabadiliko ya umeme, radi, mafuriko, panya wala wadudu. Mtu wa Kakamega au Kisii, kwenye radi zile, anauziwa chandarua chenye tundu palepale mbu anapopitia.

BARASA: Ndiyo maana mimi naanza na friji-gadi, kile kifaa cha kukinga unachochomeka kati ya soketi na friji, si waranti. Chagua inayokata volti zikishuka hadi kama 185 na zikipanda kupita 260, na inayongoja dakika 3 hivi kabla ya kurudisha stima. Zipo zinazokata volti ya chini peke yake, kwa hiyo soma boksi. Na usichomeke friji, pasi na birika kwenye ekstensheni moja. Lakini radi ikianza kunguruma, hakuna gadi ya kuitegemea. Chomoa, na ya televisheni uchomoe pamoja na waya wa antena.

ATIENO: Wengine wataniuliza kuhusu ile stika ya mlangoni, "kompresa miaka 10".

BARASA: Kompresa yenyewe, kile chuma. Ufundi, gesi, drayer (kile kichujio cha kunasa unyevu kwenye gesi) na usafiri kwa kawaida ni juu yako. Na kompresa haibadilishwi peke yake: drayer mpya lazima, kisha hewa yote itolewe kwa pampu, ndipo gesi ipimwe kwa mizani na kujazwa. Friji nyingi mpya zina gesi ya R600a, ambayo inashika moto na hujazwa kwa gramu chache tu. Fundi anayekisia kwa kugusa bomba, mwambie asante, aende.

ATIENO: Kuna jambo lingine linalowauma watu wa hapa. Friza imenunuliwa ya nyumbani, halafu inawekwa kibandani kugandisha samaki au kuuza barafu. Waranti nyingi zinasema matumizi ya nyumbani pekee. Umelipa, na hudai chochote.

BARASA: Nani basi anunue? Mwenye friji ya inveta, ambayo kasi ya kompresa yake huongozwa na bodi ya elektroniki, au mashine ya kufua yenye bodi ya elektroniki ya bei ghali, kama karatasi inataja waziwazi kwamba hitilafu ya umeme inalipiwa, na fundi wao yuko Kisumu au Nakuru. Kama friji lazima ipelekwe Nairobi, uliza gari linalipwa na nani. Mwingine aweke hiyo 6,000 kando.

ATIENO: Ukinunua, hakikisha serial namba ya mashine imeandikwa kwenye risiti, na upige risiti picha siku hiyo hiyo, maana zile karatasi laini hufifia zikabaki nyeupe. Usiruhusu fundi wa mtaani afungue kabla ya wenye waranti. Na hata bila waranti ya ziada, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji akupe bidhaa yenye ubora unaostahili. Akikataa katakata, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

BARASA: Na kabla hamjafika huko: friji ibebwe ikiwa imesimama. Ikilazwa kwenye gari, oili ya kompresa inaingia mabombani. Ikifika kwako isimamishe, uiache saa kadhaa, hata usiku mzima kama ililazwa safari nzima, ndipo uchomeke.