Dawa ya Kikohozi na Mafua Kutoka Jikoni, Hatua kwa Hatua

Habari zenu ndugu watazamaji. Karibuni Kirumba, hapa Mwanza. Leo tunatengeneza dawa ya kikohozi na mafua kwa vitu vya jikoni, na nitawaonyesha pia mahali pa kuishia na kwenda zahanati.

Nimerekodi video hii kwa sababu mvua zikianza tu, watu wanakimbilia duka la dawa kununua amoksilini ya mafua. Ndugu zangu, mafua yanaletwa na virusi, na amoksilini inaua bakteria. Virusi haiwagusi kabisa. Unatoa hela yako, tumbo linavurugika, na bakteria waliomo mwilini wanajifunza kuizoea dawa. Siku mtoto akipata nimonia, dawa ile ile inaweza isifanye kazi. Ndiyo maana kwa mafua ya kawaida mimi nachagua tangawizi, na nawasihi nanyi mfanye hivyo.

Hatua ya kwanza, kabla hujawasha jiko, mshike mgonjwa. Ana mwili wa moto? Anatetemeka, kichwa kinagonga, viungo vinauma? Basi zima video hii kwanza, nendeni mkapime malaria. Huku Kanda ya Ziwa hatuna ruhusa ya kubahatisha homa. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu kidoleni, na ndani ya dakika 20 hivi una jibu. Malaria ikionekana, ni dawa mseto, siku 3, na unamaliza dozi hata kama siku ya pili umeamka mzima.

Najua mtaniuliza kuhusu Artemisia, maana wengi mmeipanda uani. Ni kweli dawa ya malaria ilitoka kwenye mmea huo. Mwanasayansi Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini yeye na wenzake waliichuja ile kemikali yenyewe kutoka kwenye majani. Kwenye kikombe cha chai hujui umekunywa kiasi gani: leo nyingi, kesho kidogo, na vijidudu vya malaria vinabaki vinajificha. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria, na mimi siiweki kwenye video zangu.

Haya, mgonjwa hana homa, ni makamasi na koo linalowasha. Tuingie jikoni.

Hatua ya pili ni kuchagua vitu. Tangawizi, angalia hapa: nabonyeza kwa kucha, inatoa maji na harufu inapanda puani. Ikiwa nyepesi na imesinyaa, mwachie muuzaji. Asali ndiyo yenye maneno mengi. Sokoni utaambiwa asali ya kweli haigandi. Si kweli, ndugu yangu. Ona chupa hii, imeganda chini, nyeupe, ina chengachenga, na ni asali safi kabisa. Asali halisi huganda, hasa kukiwa na ubaridi. Isimamishe kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka yenyewe. Usiichemshe, utapoteza harufu na uzuri wake. Mimi hununua kwa mtu mmoja ninayemfahamu, ya kutoka Tabora, sinunui chupa ya kupitapita barabarani.

Hatua ya tatu. Maji lita 1. Ukichota ziwani, yaache yachemke sawasawa kwanza, usiyaamini kwa sababu tu yanaonekana maangavu. Weka tangawizi iliyopondwa, kipande cha urefu wa kidole gumba, na majani matatu manne ya mchaichai uliyoyafunga fundo. Funika sufuria. Punguza moto, yaive dakika 10 hadi 15.

Hatua ya nne. Chuja, subiri chai ipoe mpaka unaweza kushika kikombe bila kukibadilisha mikono. Sasa ndipo unakamulia limau na kuweka kijiko kimoja cha asali. Kunywa mara tatu kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo aache limau. Mwenye kisukari aache asali, kwani asali nayo inapandisha sukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari kabla ya kunywa tangawizi kila siku.

Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, mpe asali tupu, nusu kijiko cha chai kabla ya kulala. Kwa kikohozi cha mafua inasaidia kweli. Hata Uingereza, tangu 2018, miongozo yao ya tiba inataja asali kabla ya antibayotiki. Ila mtoto chini ya mwaka mmoja, mama, asali usimlambishe hata kidogo, hata kama bibi anasisitiza. Ndani ya asali kunaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvizuia, na sumu yake inalegeza misuli hadi ya kupumulia. Huyo mpe titi tu, mara nyingi.

Nyungu? Mtu mzima ajifukize akitaka, pua itafunguka kwa muda. Mtoto usimwinamishe juu ya maji ya moto. Sufuria ikipinduka, mafua yanageuka kuwa kuungua.

Hatua ya tano ni kuhesabu siku. Mafua mengi yanaisha ndani ya wiki moja au kupita kidogo. Kikohozi kikifika wiki mbili, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu, vipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Na mtoto akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, akikataa kunyonya, au akipata degedege, usisubiri chai ichemke. Ni sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane, tafuta bodaboda.

Ukifika kwa daktari, mtajie kila ulichompa mgonjwa: tangawizi, mwarobaini, dawa ya mganga, vyote. Usione aibu. Ukiweza, nenda na jani lenyewe au chupa yenyewe mkononi, ili ajue asimwandikie dawa itakayogongana nayo.