Pembe zilizopitiwa na mikono ya wenyewe

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Nataka tuzungumze juu ya pembe za fonografu, mashine ya zamani ya kuchezea sauti zilizorekodiwa, ambazo wakusanyaji wengi huzikataa: zilizotobolewa, zilizoungwa kwa risasi, zilizopakwa rangi nyumbani. Kwangu mimi hizo ndizo zenye habari nyingi kuliko zile zinazong'aa.

Chukueni fonografu ya Edison iitwayo Standard, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1898. Mwanzoni ilikuwa na pembe ya urefu wa inchi 14, mwili mweusi na mdomo wa shaba. Mdomo huo ni mdogo kuliko sahani ya wali, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Pembe huchukua mtikisiko wa kiwambo kidogo, yaani utando mwembamba unaotikiswa na sindano, na kuukabidhi kwa hewa ya chumba. Sauti nzito ya mitikisiko 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3.4 hivi, na ili pembe iitoe vizuri, mzingo wa mdomo wake unapaswa kukaribia urefu huo. Hapo upana wa mdomo unapita mita moja! Basi mwenye Standard alisikia mwimbaji, lakini besi ilikuwa imepotea.

Watu wakatafuta pembe kubwa. Ile ndogo ilikaa juu ya kichwa cha kusomea, chenye sindano na kiwambo, na kusafiri nacho taratibu juu ya silinda ya nta. Kubwa isingeweza, uzito wake ungekikandamiza kichwa na kuichimba nta. Ikabidi ining'inizwe kwa mnyororo kwenye mkono wa chuma, kisha shingo yake iunganishwe na kichwa kwa kipande cha mpira. Mikono hiyo iliuzwa madukani, lakini fundi wa nyumbani aliweza kutumia waya na ndoano. Kwa hiyo mkiona kipete kimeunganishwa kwa risasi mgongoni mwa pembe, msikiite uharibifu. Shikeni pembe hapo muone kama inatulia bila kuinama. Ikitulia, aliyekiweka alipima kwanza. Edison mwenyewe alisalimu amri mwaka 1907, akaanza kuziuza mashine zake na pembe kubwa za umbo la ua.

Dosari nyingine ilikuwa mlio wa bati lenyewe. Bati jembamba huitikia baadhi ya noti kwa kelele yake, na kitambaa kilichofungwa kwa nje huituliza. Ndiyo maana mabaki ya gundi shingoni hayafai kusuguliwa kabla ya kuchunguzwa. London, katika miaka ya 1920, E. M. Ginn aliliacha bati kabisa. Gramafoni zake za EMG zilipata sifa kwa pembe kubwa za karatasi iliyogandishwa tabaka kwa tabaka.

Mabadiliko ninayoyapenda zaidi yalikuja na redio. Miaka hiyohiyo ya 1920, mtu mwenye redio ya kusikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni aliweza kukifunga kimoja kwenye shingo ya pembe ya zamani, na nyumba nzima ikasikia. Shingo iliyopanuliwa, au yenye mikwaruzo ya kibano, inaweza kuwa ushahidi wa kazi hiyo. Ni historia ya redio iliyoandikwa juu ya chombo cha santuri.

Nasi tumo katika habari hii. Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, nazo zilisikika kwa sindano, kiwambo na pembe, ingawa wakati huo pembe nyingi zilikuwa zimefichwa ndani ya sanduku.

Kinachoniuma ni msasa. Pembe hupelekwa kwa fundi, matundu yanazibwa, rangi ya mwenyewe inakwanguliwa, inarudi nyeusi na nyororo kama mpya, na hakuna tena cha kuisoma. Nawasihi: pigeni picha kwanza, ndani na nje. Pimeni kila tundu liko umbali gani kutoka mdomoni. Rangi ikiwa inabanduka, ishikizeni, msiing'oe. Na kipande cha mpira kilichokauka kiwekwe kwenye bahasha pamoja na pembe yake, kisitupwe.