Jalada Lako Lina Nini?

Mhadhara kwa wahadhiri wapya wa Mtwara na Lindi

Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanangu mlioanza kazi mwaka huu. Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mliotoka Lindi mkaondoka kabla ya alfajiri ili muwahi, ahsanteni sana, na nitajitahidi msirudi mikono mitupu.

Nimepewa mada ya safari ya mhadhiri mpya kuelekea uprofesa. Ngazi zenyewe sizisomi hapa. Kutoka Mkufunzi Msaidizi hadi Profesa kamili, kila mmoja wenu anazijua kwa moyo, na asiyezijua akaombe nakala ya muundo wa utumishi leo hii kabla ofisi haijafungwa. Mimi nina jambo moja, na wanaonifahamu wameshalisikia mara nyingi hadi wanaweza kulisema kabla yangu. Jambo lenyewe ni hili: kwetu hakuna anayemwambia mhadhiri mpya kwamba muda wake unakwenda.

Marekani wanaambiwa. Kule kijana akiajiriwa kwa njia inayoelekea ajira ya kudumu, anajua siku ya kwanza kwamba ana kipindi cha majaribio chenye mwisho. Tamko la mwaka 1940 la chama cha maprofesa wa nchi ile liliweka kikomo cha miaka saba. Ndiyo maana katika vyuo vyao vingi, mwaka wa sita jalada lake, yaani faili la ushahidi wa kazi zake, linafunguliwa, maandishi yake yanapelekwa kwa wataalamu wa vyuo vingine, wenzake wa idara wanakaa na kupiga kura. Akipita, analindwa: hawezi kufukuzwa kwa sababu ameandika jambo lisilompendeza mkubwa fulani. Akikosa, anapewa muda mfupi wa kujipanga, kisha anaondoka.

Siwaambii tuuige mfumo huo. Ni mkali, na umewavunja watu wazuri. Waingereza walikuwa na ulinzi wa aina hiyo wakauondoa kwa sheria ya mwaka 1988, na vyuo vyao bado vipo. Ninachokisifu ni kwamba mtu anajua tarehe. Anajua atapimwa lini, na nani, kwa vigezo gani.

Sisi je? Ukishathibitishwa kazini, basi. Hakuna anayekufukuza. Mshahara unaingia, vipindi unapangiwa, wanafunzi wanakuita daktari hata kabla hujawa daktari. Mwaka wa tano unapita, wa nane unapita, bado ni Mhadhiri Msaidizi. Hakuna barua iliyokuja, hakuna kikao kilichokaa. Unakuja kushtuka siku mwanafunzi uliyemfundisha mwaka wa kwanza anarudi na shahada ya uzamivu na anapewa ukuu wa idara yako.

Najua kuna atakayesema: mtu mzima, msomi, anahitaji kukumbushwa? Nimeulizwa swali hilo na wakuu wa idara wengi, na kila nikiulizwa napandwa na hasira. Hebu tuangalie anavyopokewa. Kijana anaripoti Jumatatu. Jumatano ana kozi nne, mojawapo ina wanafunzi mia tatu. Wiki inayofuata anaambiwa, “Wewe bado una nguvu, tusaidie uratibu wa mitihani.” Mwezi wa pili ni mlezi wa serikali ya wanafunzi. Mwezi wa tatu ni katibu wa kamati ya mahafali, na ratiba ya vipindi anaipanga yeye kwa sababu anajua kompyuta. Na mgeni hakatai. Atakataaje? Aliyemwomba ndiye anayejaza fomu yake ya kumthibitisha.

Sasa hesabuni wenyewe. Mtihani wa wanafunzi mia tatu, kila mmoja maswali manne ya insha. Hizo ni insha elfu moja na mia mbili kwa kozi moja, na anazo nne. Likizo ambayo wenzake wa vyuo vikubwa wanaandika makala, yeye anasahihisha, anaingiza alama, anatafuta matokeo yaliyopotea. Halafu kwenye kikao mnamsifu kuwa ni mchapakazi! Kamati ya kupandisha vyeo haina kisanduku cha uchapakazi. Inauliza umechapisha nini na wapi, umefundisha vipi na ushahidi uko wapi, jamii umeihudumia vipi.

Kwa hiyo nasema hapa mbele yenu, wakuu wa idara mlioketi mstari wa mbele: ukimpa mhadhiri mpya kozi nne na kamati tatu, umeshaamua kwa niaba yake kwamba hatapanda. Mwite ofisini umwambie hivyo waziwazi. Kama huwezi kumwambia usoni, mpunguzie. Najua walimu hawatoshi. Hilo nalijua kuliko mnavyodhani. Lakini uchache wa walimu hautibiwi kwa kuwazuia waliopo wasikue, maana chuo kisicho na wahadhiri waandamizi hakiwezi kusimamia wanafunzi wa uzamivu, na bila hao mtazidi kuwa wachache.

Na kila mwaka, mwezi huohuo, kaa naye saa moja. Fungueni jalada lake pamoja. Muulize: mwaka huu limeingia nini?

Hilo la jalada nalishikilia kwa sababu ya mama mmoja niliyemfahamu, mhadhiri hodari, chuo chake sikitaji. Aliomba kupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi. Makala anazo, tena nzuri, zimepita mikono ya wahakiki, wale wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa. Kamati ikafika kwenye ufundishaji, ikaomba tathmini za wanafunzi. Zilikuwepo. Kila muhula wanafunzi walijaza madodoso, idara ikayakusanya, ikayafunga kwa kamba na kuyaweka kwenye maboksi stoo. Masika moja bati likavuja. Karatasi zikaota ukungu, zikanuka, mhudumu akaagizwa kusafisha stoo, akazichoma nyuma ya jengo pamoja na majani makavu. Hakuna aliyekuwa ametoa hata muhtasari wa ukurasa mmoja ukasainiwa. Mkuu wa idara akaandika barua kwamba mama huyu “anafundisha vizuri sana.” Kamati ikasema, tunaamini, lakini ushahidi uko wapi?

Wakahamia kwenye huduma. Alikuwa ameratibu mafunzo kwa vitendo kwa miaka. Barua ya uteuzi? Hana. Aliambiwa kwa mdomo, wamesimama kwenye korido. Alikuwa amewafundisha akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa kutunza hesabu. Orodha ya mahudhurio? Hana, hakujua kama inahitajika. Akarudishwa, aanze kukusanya upya. Alilia ofisini kwangu, na hakulilia mshahara. Alilia kwa sababu kazi alikuwa ameifanya.

Sasa nisikilizeni, vijana. Leo jioni mkitoka hapa, pitieni duka la vifaa vya ofisi, kila mmoja anunue boksi faili. Humo ndani iingie barua ya ajira, na ya kuthibitishwa ikija. Kila muhula, mgawanyo wa vipindi uliosainiwa na mkuu wa idara. Muhtasari wa tathmini ya wanafunzi wenye saini na muhuri. Sehemu ya ripoti ya mtahini wa nje inayogusa kozi yako. Ukiteuliwa jambo lolote kwa mdomo, nenda kaandike kwa heshima zote, “Rejea mazungumzo yetu ya leo, nakiri kupokea jukumu la…” na uombe nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Huo si ukorofi. Kila karatasi ipige picha, ijitumie kwenye barua pepe. Na usiniambie kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Mifumo hubadilishwa, na nimeona mfumo mpya ukiingia huku kumbukumbu za ule wa zamani hazifunguki tena. Msije mkajikuta mnabishana na kompyuta mwaka wa kumi.

Naona naibu mkuu ananionyesha saa. Nitaharakisha, lakini hili la pili silirushi.

Kuna maneno nayasikia sana huku Kusini: “Profesa, utafiti unafanyika Dar es Salaam. Sisi huku hatuna cha kuandika.” Jamani! Mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho, ule wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe, ulianzia mkoa huu, msimu wa 2007/08. Nani ameuandika vizuri kuliko mtu anayeishi na wakulima wanaolalamikia makato ya chama cha msingi? Naliendele hapo jirani kuna kituo cha utafiti ambacho kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya korosho na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Wangapi kati yenu mmeshaingia getini? Gesi ya Mnazi Bay iko hapo. Magofu ya Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, yapo mkoa wa Lindi.

Na Tendaguru. Hapa nisimame kidogo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, huko Lindi, wakapata mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Zaidi ya tani mia mbili za mifupa zilipelekwa Ujerumani, na mpaka leo mmoja wao amesimamishwa ukumbini kwenye makumbusho ya Berlin, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Wataalamu waliosimamia, akina Werner Janensch na Edwin Hennig, walijenga majina yao kitaaluma juu ya mifupa ile. Waliochimba ni watu wa huku, mamia kwa mamia. Mifupa ilibebwa kwa vichwa na mabega kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao Mwafrika, aliyejua kuusoma udongo ule na kuutoa mfupa bila kuuvunja, aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilikuja kupewa mnyama mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Mwaka gani? 2007. Karibu miaka mia moja baadaye.

Nawasimulia hili kwa sababu linawahusu ninyi. Mtafiti atakuja, kutoka Ulaya au kutoka chuo kikubwa hapahapa nchini, ana fedha za mradi. Atakuhitaji kwa sababu unaijua Newala, unaijua Nanyumbu, unazungumza na wazee wakakusikiliza. Utazunguka na pikipiki vumbini, utakusanya madodoso, utatafsiri mahojiano usiku kucha. Makala itatoka, na jina lako litakuwa mwishoni kabisa kwenye mstari wa shukrani, baada ya dereva. Shukrani haina alama hata moja kwenye kamati.

Basi kabla hujapanda hiyo pikipiki, muulize: nani ni waandishi, kwa mpangilio gani, nani anaandika sehemu ipi? Iandikwe, hata kwa barua pepe fupi. Na ukishaingia kama mwandishi mwenza, shiriki kuandika kweli, soma rasimu, jibu wahakiki. Kukusanya data peke yake hakukufanyi mwandishi, hilo nalo tuseme. Kumbukeni pia kwamba alama za makala hugawanywa kwa waandishi kulingana na mchango. Makala ya watu wanane haikubebi kama ile uliyoongoza wewe.

Atauliza mtu: nikidai, si wataniacha watafute mwingine? Wengine watakuacha, ndiyo. Waache waende. Lakini wengi, ukiwaambia mapema na kwa adabu, wanakubali, kwa sababu bila wewe mradi haufiki kijijini.

Majarida, kwa haraka. Ukipata barua pepe inayokusifu kwa Kiingereza kizito na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa dola mia mbili, ifute. Jarida la kweli lina wahakiki, na wahakiki hukuchelewesha na kukuudhi. Angalia kama lipo kwenye orodha zinazoaminika, kama AJOL kwa majarida ya Afrika au DOAJ kwa yale ya bure kusomwa. Muulize mkutubi wako, ndiyo kazi yake na atafurahi kuulizwa. Nimeona jalada la mtu lenye makala nyingi kuliko za mwenyekiti wa kamati, na zote zikaenguliwa siku moja.

Wa Kiswahili mnaoniuliza mtachapisha wapi: majarida yenu mnayo, yenye heshima, Kiswahili, Mulika, Kioo cha Lugha. Andikeni Kimakonde, Kimwera, Kiyao vinavyozungumzwa nje ya dirisha lenu.

Uzamivu: bila huo hufiki Mhadhiri, hakuna njia ya panya. Omba sasa, usisubiri mtoto amalize darasa la saba. Nilikuwa na la kusema juu ya likizo ya masomo na mikataba yake, na juu ya wahadhiri wanawake wanaorudi kutoka likizo ya uzazi wakikuta kozi zao zimegawanywa na zile ngumu ndizo zimebaki. Hilo la pili linahitaji mkutano wake lenyewe, na namwomba Mkuu wa Chuo auitishe.

Kwenye meza pale nyuma kuna nakala za vigezo vya kupandishwa cheo. Nimechapa za kutosha. Kila mhadhiri mpya achukue moja, akae na mkuu wa idara yake kabla ya chakula cha mchana, waandike pamoja atakachokuwa nacho jaladani ifikapo mwezi kama huu mwakani, na wote wawili wasaini. Wakuu wa idara, naomba msiondoke.

Maswali sasa. Tuanze na dada yule wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja vipindi.