Katalogi iko onlaini, lakini kopi yake iko wapi?

Hamjambo wenzangu, asanteni kwa kufika Kisumu na hii mvua yote. Leo naongea na nyinyi wa maktaba ndogo, za shule, za kanisa, za kijijini, pale mkutubi ni mmoja na ni yeye anafungua mlango, anafagia, na bado anaingiza vitabu kwa kompyuta. Nikiwauliza habari ya bakapu, yaani kopi ya akiba ya katalogi, ile orodha ya vitabu vyenu, wengi mnanijibu "yetu iko onlaini" na mnatulia. Msitulie. Ukiiweka onlaini umeiweka kwa kompyuta ya mtu mwingine, siku akaunti ifungwe, ama paswedi ipotee na yule kijana aliyewatengenezea ameshahamia Nairobi na simu haishiki, utaanza kuhesabu vitabu upya rafu kwa rafu.

Na hata wakubwa yanawapata. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilivamiwa na wadukuzi Oktoba 2023, katalogi yao kuu ikarudi katikati ya Januari 2024, na hao wana pesa na mafundi.

Wale wa Koha, hiyo programu ya bure ya kuendesha maktaba iliyotoka New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, najua mtaniambia inajitengenezea kopi kila siku. Ndio, ikiwa iliwekwa kwa pakiti zake za Debian, aina moja ya Linux, inafanya hivyo, lakini hebu angalieni kopi zinakaa wapi: folda ya /var/spool/koha, ndani ya mashini ileile! Radi ikipiga, na watu wa Kakamega radi mnaijua vizuri, katalogi na kopi zinaenda pamoja. Tena mpangilio wake wa kawaida unatunza za siku mbili tu, kwa hivyo mtu akifuta rekodi Ijumaa jioni na mgundue Jumatano, kopi nzuri ilishafutwa kitambo. Zihamisheni, na muongeze hizo siku.

Wa LibraryThing ama TinyCat, zile tovuti za kuorodhesha vitabu, nyinyi mnaingia kwa eksporti, pale pa kutoa data, mnadanlodi wenyewe. Chukueni faili ya MARC, ule muundo wa rekodi za maktaba, kwa sababu karibu programu yoyote ya maktaba itaisoma, ile ya jedwali iwe ya pili. Na hiyo ya jedwali tafadhali msiibofye tu ifunguke na Excel halafu mkasevu. ISBN, ile nambari ya kitabu, ikiwa ya tarakimu 13 inageuka kitu kama 9.78E+12 ama 9.79E+12, na ukisevu CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, hivyo vitabu vya Kenya vinavyoanza na 978-9966 vyote vimebaki na nambari moja, na vya London vyote na moja yao. Vile vya zamani vya tarakimu 10, vya msaada kutoka Uingereza, sifuri ya mbele inapotea. Mkiifungua, hiyo safu iambieni ni maandishi, sio namba.

Kopi ikishatoka ifungue kwa laptopu nyingine, uhesabu rekodi, utafute vitabu kama vitano unavyovijua. Hapo ndio mimi nakaza sana, kwa sababu faili isiyofunguka unaijua siku ya shida. Vitabu elfu tatu ni megabaiti chache, haitamaliza bando, kwa hivyo weka moja kwa flashi, nyingine nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati, nyingine kwa Google Drive. Ila ile dampu ya Koha, yaani kopi ya data yake yote, ina majina na simu za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, hiyo mtie paswedi na isizunguke WhatsApp.

Kitabu cha ISBN rekodi yake utaipata tena kwingine. Lakini vile vijitabu vya Kidholuo na Kiluhya vya parokia, havina ISBN, mkutubi alikaa navyo akaandika mwandishi ni nani na vilitoka kwa mzee gani, hiyo kazi iko kwenu peke yenu duniani.

Haya, wenye laptopu washeni, wa Koha mkae upande wa dirisha, wengine huku kwangu, kila mtu atoe yake sasa hivi na aifungue kwa mashini ya jirani.