Mzazi wa Peke Yake Hangoji Maji

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kina mama, na nyinyi kina baba wachache mliokuja, karibuni. Siku hizi mke akipata kazi Uarabuni, anayebaki na watoto na mbuzi ni nyinyi, kwa hiyo maneno haya si ya wanawake tu.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, hapa Malindi kila mtu alikodolea macho bahari. Kwa wavuvi ilikuwa sawa. Lakini sisi tuko karibu mno na ikweta, vimbunga vikali ni nadra kutufikia. Maji yanayotutoa majumbani hutoka bara. Mto huu huko karibu na Nairobi ni Athi, ukishakutana na Tsavo ni Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Jua linaweza kuwaka Mambrui, nguo zimeanikwa, na maji yako njiani. Mkisikia redioni kwamba Nairobi na Ukambani kumenyesha mfululizo, msingoje kuona mawingu.

Nyumba yenye watu wazima wawili inaweza kujikalia kidogo. Mmoja atahamisha watoto, mwingine mifugo. Wewe una mikono miwili, na mmoja umeshashikwa na mtoto. Jirani akienda safari moja, wewe unakwenda mbili, basi anza siku moja kabla yake. Watakucheka. Waache wacheke.

Maji yakiwa bado mbali, mbuzi ndio watangulie, mchana, wapelekwe kwa ndugu aliye juu. Maji yakishaingia uani, habari ya mbuzi imekwisha: fungua zizi, beba watoto, nenda. Mbuzi aliye huru atajitafutia pa juu. Aliyefungwa kwenye kigingi atafia pale pale. Na kamba ya mkonge mnaijua, ikilowa fundo linakaza. Usiku, simu ya tochi umeiuma kwa meno na mtoto yuko mgongoni, hulifungui. Jioni ya mvua usimfunge mnyama hata mmoja. Zizi liwe na lango la kusukuma tu. Kama ni lazima kufunga, tumia fundo la kuvuta, lile linalofunguka ukivuta ncha moja tu. Vijana wa mashua watawafundisha bure.

Kuswaga mbuzi peke yako ukiwa na mtoto mgongoni ni kujichosha. Yuko jike mmoja mkubwa ambaye wenzake humfuata. Kila mwenye kundi anamjua. Mvute huyo, ukiwa na pumba za mahindi mkononi, wengine watakuja nyuma. Wazoeshe njia hiyo siku za jua, kwa sababu mbuzi anachukia kulowa kuliko anavyokuogopa wewe. Kuku wakamate usiku wakishalala, uwatie tengani.

Mtoto mkubwa ana kazi moja, kumshika mdogo. Asirudishwe kufuata mbuzi, hata kama aliyebaki nyuma amezaa jana. Maji ya kasi hayahitaji kufika kiunoni ndipo yamwangushe mtu mzima, na maji ya Sabaki yakijaa tope hayaonyeshi shimo wala mamba.

Mkishafika pakavu, nguo zimelowa, watoto wanatetemeka, na mtu anaingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Tafadhalini sana. Sumu ya makaa haina harufu, na anayelala nayo huenda asiamke. Jiko likae barazani. Mtoto akiharisha, mchanganyie lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda zahanati.

Sasa nije kwa lile linalofika wakati watu wameshapumua. Kuna mbu ambao mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu miaka yakingoja mafuriko, na wengine huanguliwa wakiwa tayari na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za 1997, ikarudi tena mwishoni mwa 2006, ikatoka Kaskazini Mashariki hadi huku kwetu Pwani. Mara hiyo ya pili walifariki watu zaidi ya 150 nchini. Zizini utaijua hivi: mbuzi na kondoo wanaharibu mimba kwa mkupuo, na wachanga wanakufa. Nani huambiwa akazike kile kilichotoka? Mtoto, kwa sababu mama yuko kisimani. Usimtume. Zika mwenyewe, umevaa glavu. Mnyama mgonjwa asichinjwe ili nyama isipotee, maziwa yachemshwe, na afisa wa mifugo apigiwe simu siku hiyo hiyo. Chanjo ni kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikipita kundi zima inaweza kuusambaza.

Upande wangu nimemaliza. Wanaokaa karibu na mto msiondoke kwanza. Mzee wa kijiji ana daftari: wenye mazizi ya juu waseme wanaweza kupokea mbuzi wangapi, na walio peke yao waandikwe mwanzo.